Mbona Hakufa Mtu? Kuielewa Komedia ya Mapenzi ya Kwia

Shangazi yangu alianza kusoma riwaya za mapenzi kabla sijazaliwa. Kabati lake pale Mombasa limejaa vile vitabu vyembamba vya Mills & Boon, vingi alivyonunua vikuukuu barabarani miaka ya 1980, majalada yamechakaa na kurasa zimekuwa rangi ya chai. Jioni moja aliponiona nacheka peke yangu na kitabu mkononi, akataka nimsimulie.

Nikamsimulia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Kuna mtoto wa rais wa Marekani na kuna mjukuu wa malkia wa Uingereza. Hawapatani hata kidogo. Wamekutana harusini, wakazozana, wakaangukia keki ya mamilioni, na picha zikaenea dunia nzima. Wakubwa wa pande zote mbili wakaogopa aibu, wakawaamuru wajifanye marafiki mbele ya waandishi wa habari. Wakajifanya. Wakaanza kutumiana ujumbe wa simu. Usiku mmoja mtoto wa rais akampigia mwenzake ng'ambo ya bahari, maana chumbani kwake wamefungiwa bata mzinga wawili wa sikukuu na hawezi kulala kwa kuwaogopa. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na huyo binti akamjibu nini?"

"Si binti, shangazi. Anaitwa Henry."

Akanyamaza, akaweka kikombe chini. Nilimwona anairudia hadithi yote kichwani, anatafuta mahali nilipomficha jambo. Sikuficha kitu. Nilisema anamwandikia, anamngoja, anamkumbuka. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na kama Henry alionekana amevaa gauni, shangazi ndiye aliyemvisha.

"Haya," akasema baadaye. "Nani kati yao anakufa?"

"Hafi mtu."

"Hafi mtu?"

"Wanaishi raha mustarehe."

"Lo! Mbona hakufa mtu?"

Swali lake lina historia ndefu kuliko alivyojua, na makala hii ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa maswali niliyoyakuta kwenye makundi ya WhatsApp tangu Agosti 2023, riwaya hiyo ilipotolewa filamu na watu wakaanza kuulizana: hivi ni vitabu vya namna gani? Ni vya ngono? Ni vya kufundisha watu tabia? Na mtu mzima anavipendea nini?

Maneno kwanza

Riwaya yenyewe inaitwa Red, White & Royal Blue, imeandikwa na Casey McQuiston wa Marekani, na ilitoka Mei 14, 2019. Ni komedia ya mapenzi, na ni ya kwia. Nianze na neno la kwanza.

Komedia si kichekesho tu. Kwa maana yake ya kale, komedia ni hadithi inayoanza na vurugu na kuishia kwenye suluhu, mara nyingi harusi. Tanzia ndiyo inayoishia kaburini. Aliyesoma Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, ameshasoma komedia ya mapenzi, hata kama mwalimu wake wa fasihi alishikilia ukurasa wa ratili ya nyama tu. Mle ndani mna mwanamke aliyevaa nguo za kiume akaenda mahakamani, mna pete iliyotolewa bila kujua inapokelewa na nani, na mwishoni wapenzi wanarudi nyumbani, wanagombana kidogo juu ya hizo pete, wanapatana. Enzi za Shakespeare, wanawake wote hao waliigizwa na wavulana. Kwa hiyo mchezo wa nani ni mume na nani ni mke uko ndani ya komedia ya mapenzi tangu zamani.

Riwaya ya mapenzi ya kisasa ina ahadi mbili kwa msomaji. Ya kwanza, mapenzi ndiyo kiini cha kitabu, si pambo la pembeni. Ya pili, mwisho utaridhisha na utakuwa na matumaini. Sisi tunaujua mwisho huo tangu utotoni: "wakaishi raha mustarehe." Bibi akisema "hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia "hadithi njoo!", kila mtu barazani anajua watafika wapi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Huuliza, kama mwisho unajulikana, kitabu kinasomewa nini? Mimi huwaambia wafikirie kivuko cha Likoni. Hakuna anayepanda feri ili agundue inaenda wapi. Unapanda ukijua utashuka ng'ambo, na kwa sababu unajua, unapata nafasi ya kutazama maji, kusikiliza mazungumzo ya majirani, kuona meli kubwa inavyopita. Msomaji wa riwaya ya mapenzi haulizi "je, watapatana?" Anauliza "watapatanaje, watu wawili hawa, wenye kiburi hiki na hofu hizi?"

Neno la pili ni kwia. Kwa Kiingereza lilimaanisha kitu cha ajabu, kisicho cha kawaida, kisha likageuzwa tusi la kuwapigia watu wanaopenda wa jinsia yao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wale waliotukanwa nalo walilinyakua, wakalifanya jina lao. Leo ni mwavuli: chini yake wamo wanaopenda jinsia moja, wanaopenda zote mbili kama Alex, yule mtoto wa rais, na wale ambao hawajioni kuwa wanaume wala wanawake, kama McQuiston mwenyewe. Waandishi wa Kiingereza hulazimika kufikiri watumie kiwakilishi gani kumtaja. Katika Kiswahili ni "yeye," na kazi imekwisha.

Sisi nasi tuna maneno yetu. "Mapenzi ya jinsia moja" ndiyo kauli ya adabu, ingawa ni nyembamba kuliko kwia. Uganda wengi wao hujiita kuchu. "Shoga" lina safari yake: wanawake wa pwani huitana "shoga yangu" kwa maana ya rafiki wa dhati, na neno hilohilo likisemwa kwa mwanamume linakuwa tusi. Ndiyo sababu katika makala hii nimechagua kwia, neno ambalo wenyewe wamekubali kuitwa.

Kucheka na kuchekwa

Shangazi alicheka hadithi ya bata mzinga kabla hajajua Henry ni nani. Nilipomwambia, kicheko kilikatika, naye baadaye akaniuliza, kwa uaminifu kabisa, kama ni vizuri kucheka. Swali hilo lilinigusa, kwa sababu linaonyesha tulivyozoeshwa.

Katika vichekesho vingi tulivyokulia, mwanamume wa namna hiyo yumo, lakini kama shabaha. Anapandisha sauti, anazungusha viganja, anajifunga kanga, watu wanacheka, anatoka. Hana nyumba, hana mama, hana mtu anayengojea simu yake. Anachekwa. Kiswahili kinatofautisha mambo haya vizuri sana: kumcheka mtu ni jambo moja, kucheka naye ni jambo jingine, na mtu anayechekesha si lazima awe anayechekwa. Komedia ya mapenzi ya kwia imemhamisha mtu huyo kutoka upande mmoja wa kitenzi kwenda mwingine. Alex anachekesha kwa sababu ana maneno mengi na haoni kilicho mbele ya pua yake. Ameshika kinyongo na Henry miaka kadhaa, anajua habari zake zote kwa kisingizio cha kumchukia, na msomaji anajua kurasa mia kabla yake kwamba chuki ya namna hiyo ina jina jingine. Mama yake, rais wa nchi, akiambiwa habari yenyewe, anaandaa mada nzima ya kuonyesha kwenye skrini, ukurasa kwa ukurasa, kama yuko kwenye kikao cha serikali. Ukimcheka mama huyo, unacheka kwa sababu unamjua: ni mzazi aliyeshtuka, akashika silaha pekee anayoijua.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi inayofanya komedia ya namna hii iwe na nguvu, na kwangu mimi hii ndiyo siri yake. Komedia ya mapenzi haiendi bila kizuizi. Zamani vizuizi vilikuwa tele: baba mkali, mahari, ukoo, dini, vita. Siku hizi mwandishi wa riwaya ya mwanamume na mwanamke wa mjini anahangaika. Wote wana kazi, wana simu, wazazi wameshachoka kuwauliza wataoana lini. Kwa nini wasipatane ukurasa wa ishirini? Mwandishi anabuni suitafahamu, barua iliyopotea, mchumba wa zamani aliyerudi, na msomaji anahisi kamba zinavyovutwa. Ila wapenzi walio ndani ya riwaya ya kwia wanakuta kizuizi kimeshawangoja mlangoni. Kujificha, kuingia kwa mlango wa nyuma, kuwaambia watu "ni rafiki yangu tu": hivi ndivyo vilivyokuwa vitendea kazi vya komedia tangu kale, na hapa havikubuniwa kunogesha hadithi. Vina uzito. Unacheka, na papo hapo moyo unakudunda, kwa sababu mlango ukifunguliwa kweli kitakachofuata si fedheha ndogo.

Barua ndizo zilizonimaliza. Alex na Henry wanaandikiana barua pepe, na mwishoni mwa kila moja wanaweka maneno yaliyokopwa kutoka barua za watu wa kale: Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, kwa rafiki yake John Laurens; mwandishi wa Uingereza Vita Sackville-West kwa mwandishi mwenzake Virginia Woolf. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Ni kanga ile. Mwanamke ana jambo zito moyoni, hawezi kulisema kwa kinywa chake, basi anakwenda dukani, anachagua jina la kanga linalolisema, anajitanda na kupita mbele ya anayepaswa kulisoma. Amesema na hakusema. Wapenzi hawa wawili wamefanya vivyo hivyo, wakajivika maneno ya waliowatangulia, na kwa kufanya hivyo wamejikuta wana mababu. Kisha barua hizo zinavujishwa kwenye vyombo vya habari wakati wa kampeni, kila mtu anazisoma, na komedia inasimama ghafla. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kitabu hiki kimependwa hivi. Kimekuchekesha hadi ukawapenda, halafu kikakuonyesha gharama.

Mwisho mwema ulikuwa kosa

Sasa nirudi kwa swali la shangazi. Mbona hakufa mtu?

Aliuliza hivyo kwa sababu katika karibu kila hadithi ya aina hii aliyowahi kuisikia, mtu alikufa. Kuzoea huko hakukuja hivihivi. Kulitengenezwa, na tunawajua waliofanya hivyo.

Mwandishi wa Uingereza E. M. Forster aliandika riwaya yake Maurice mwaka 1913 na 1914. Inahusu wanaume wawili wanaopendana, na mwishoni wanakwenda zao pamoja, wakiwa hai. Aliifungia. Baadaye, mwaka 1960, alieleza kwamba mwisho mwema ulikuwa sharti kwake, vinginevyo asingejisumbua kuandika. Na kwamba kama angemaliza kwa kijana kuning'inia kitanzini ingekuwa rahisi zaidi kuichapisha. Kitabu kilitoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Fikiria: karibu miaka 60 kwenye saraka, kwa sababu ya ukurasa wa mwisho.

Marekani kulikuwa na mlinzi wa namna yake, nayo ni posta. Tangu mwaka 1873 sheria ilikataza kupeleka kwa posta chochote kilichohesabiwa kuwa kichafu, na vitabu vya bei nafuu vilisafiri nchi nzima kwa njia hiyo. Mwaka 1952 Marijane Meaker, kwa jina la bandia Vin Packer, alichapisha riwaya ya wasichana wawili wa chuo iitwayo Spring Fire. Mhariri wake alimwambia mapema kwamba haiwezi kuisha vizuri, la sivyo posta itavikamata vitabu. Basi mmoja wa wasichana hao akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitabu kikauzwa kwa wingi mno. Wasomaji walikuwepo, na kiu walikuwa nayo. Walichonyimwa ni mwisho.

Mwaka huohuo Patricia Highsmith alichapisha The Price of Salt, naye kwa jina la bandia, Claire Morgan. Katika kitabu chake wanawake wawili wanarudiana mwishoni. Wasomaji walimwandikia barua kwa miaka, wakishukuru kwamba kwa mara moja hakuna aliyejiua wala aliyeolewa ili kuponywa. Hata hivyo, hakuweka jina lake halisi juu ya kitabu hicho mpaka mwaka 1990.

Kesi inayonikaa kichwani zaidi ni ya ONE, jarida la wapenzi wa jinsia moja la Los Angeles. Posta ililikamata toleo la Oktoba 1954. Miongoni mwa vilivyolalamikiwa ni hadithi fupi ya mapenzi ya wanawake wawili. Ukiisoma leo utashangaa. Haina chumba cha kulala. Majaji wa mahakama ya rufaa walieleza kilichowakera: msichana ameacha nafasi ya kuolewa kama wengine akaenda kuishi na mwanamke anayempenda. Yaani kilichochukiza ni ule mwisho. Januari 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliutengua uamuzi huo, na jarida likarudi kwenye posta.

Kwa hiyo, anayesema mwisho mwema wa komedia hizi ni sukari tupu, ajue sukari hiyo iliwahi kukamatwa na serikali. Kwa hadithi ya mwanamume na mwanamke, "raha mustarehe" ni desturi. Kwa hawa, ilikuwa ni kitu cha magendo.

Wala sisi si wageni wa mwisho wa adhabu. Waliosoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wanakumbuka kwamba Rosa anajiua. Ni kitabu kikubwa, chenye uchungu wa kweli, nami sikilinganishi na komedia. Lakini kimetufundisha, pamoja na vingine vingi, kutarajia kwamba mhusika aliyevuka mpaka wa mapenzi ataulipia kwa roho yake. Na Rosa hakuponea hapo: kitabu chake nacho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Kumwua mhusika hakumtoshi kila mkaguzi.

Na hapa kwetu

Husemwa mara nyingi kwamba mambo haya ni hadithi za Wazungu. Basi tutazame karibu.

Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Afrika, kwa hadithi yake "Jambula Tree." Jambula ni mzambarau, mti ule ule uliotutia wengi wetu ulimi wa zambarau utotoni, na chini yake wasichana wawili wanakutwa na jirani. Kutokana na hadithi hiyo, Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu ya Rafiki, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2018. Jina hilo limechaguliwa kwa sababu mtu wa namna hii, akimtambulisha mpenzi wake, husema "huyu ni rafiki yangu," na sentensi inaishia hapo.

Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba alikuwa ameombwa kubadilisha mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mhusika alitakiwa aonekane anajuta. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku 7, na Nairobi tiketi zikaisha. Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa watu, na kila mara naona wanavyoshtuka wakisikia kwamba mabishano yalifika mpaka kwenye tabasamu la mwisho. Los Angeles mwaka 1954 na Nairobi mwaka 2018: ukurasa uleule.

Nao wakati una namna yake ya kukutanisha mambo. Riwaya ya keki na bata mzinga ilipotoka Mei 14, 2019, zilibaki siku 10 tu Mahakama Kuu ya Kenya itoe uamuzi, Mei 24, kwamba kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono iitwayo "kinyume cha maumbile," kibaki kilivyo. Kifungu hicho, chenye kifungo cha hadi miaka 14, tulirithi kwa Waingereza, walioanza kukisambaza katika makoloni yao na kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860. Wao wenyewe walianza kukilegeza kwao England na Wales mwaka 1967. Na kwa kuwa watu wengi walichanganya mambo mwaka 2023, niseme pia: uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Februari mwaka huo ulihusu haki ya watu hawa kusajili shirika. Haukugusa kifungu cha 162. Waliosherehekea kwamba kila kitu kimehalalishwa na waliolia kwamba kila kitu kimehalalishwa, wote walikosea.

Yale yanayosemwa

Kwamba ni vitabu vya ngono. Vingine vina mambo ya chumbani, hiki kikiwemo, kama vilivyokuwemo katika nusu ya kabati la shangazi. Vingine havina hata kidogo. Vipo vya wanafunzi wa sekondari ambavyo tendo kubwa ni kushikana mikono. Kiasi cha ngono hakiamuliwi na jinsia ya wapenzi, kinaamuliwa na mwandishi.

Kwamba vinageuza watu. Hili watu husema kwa hofu ya kweli kwa ajili ya watoto wao, nami siidharau hofu hiyo. Lakini angalia upande wa pili. Watu wa kwia wamesoma hadithi za mume na mke maisha yao yote, shuleni, redioni, kwenye taarabu, kwenye harusi za jamaa zao. Hazikuwageuza. Hadithi haina nguvu hiyo. Inaweza kumwambia mtu aliyejiona yuko peke yake kwamba hayuko peke yake, na inaweza kumwonyesha jirani yake kwamba huyo mtu naye ana mama anayehangaika.

Kwamba vinasomwa na watu wa kwia tu. Utanzu wa riwaya za mapenzi umebebwa na wanawake, na wengi wao husoma mapenzi ya kila namna. Mwaka 2019 wasomaji wa Goodreads, mtandao wa wapenda vitabu, walikipigia kura kitabu hiki kiwe riwaya bora ya mapenzi ya mwaka, kikavishinda vitabu vya mume na mke.

Na kwamba ni ndoto, maisha si hivyo. Hapa nakubali nusu. Mwanamke ni rais wa Marekani, jimbo la Texas linageuka kumpigia kura, familia ya kifalme inakunjua shingo. McQuiston aliibuni Marekani ambayo haipo, na hakuficha. Ila sijawahi kusikia mtu akimwambia shangazi aache Mills & Boon kwa sababu daktari bingwa wa Athens mwenye kisiwa chake mwenyewe hayupo. Ndoto tunaziruhusu. Tunachobishania ni nani aruhusiwe kuota.

Juu ya Kiswahili nina neno moja zaidi, kwa ajili ya atakayejaribu kutafsiri vitabu hivi siku moja. Lugha yetu inaweza kubeba mapenzi ya watu wawili kwa kurasa nyingi bila kusema ni akina nani. "Mpenzi," "laazizi," "muhibu," "wangu wa moyo": hakuna hata moja linaloonyesha jinsia. Ndiyo sababu taarabu inamkaa kila msikilizaji kama imetungwa kwa ajili yake. Mtafsiri atakuwa na uamuzi mgumu: aiachie lugha ifunike, au ataje majina mara kwa mara ili isifunike? Mimi ningetaja. Wamefunikwa vya kutosha.

Shangazi hakunijibu kitu jioni ile nilipomaliza kumweleza haya. Aliniuliza tu maswali mawili: huyo posta alikuwa na haki gani ya kusoma vitabu vya watu, na je, Forster alikuwa na mtu wake. Nikamwambia alikuwa naye, polisi wa London, kwa miaka mingi. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kitabu mezani, akavaa miwani na kukifungua kurasa za mwisho kwanza, kama wanavyofanya wasomaji wa zamani wa mapenzi wanapotaka kuhakikisha. Alisoma akiwa amesimama. Usiku wa uchaguzi, mji wa Austin, Alex yuko mbele ya nyumba aliyokulia na ufunguo ambao amekuwa akiuvaa shingoni tangu mwanzo wa hadithi, Henry yuko kando yake.

"Wamefika nyumbani," akasema.

Akakaa, akarudi ukurasa wa kwanza.